Pesa ya Jumamosi

Kinuthia hakuwa mlevi, na alipenda watu wajue hivyo. Pale kwenye yadi ya mbao alikopasua magogo, wenzake walilipwa Jumamosi saa sita na kutawanyika, huyu akifuata pombe ya pipa, yule akifuata kamari ya simu. Yeye alienda moja kwa moja nyumbani Gatitu, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi. Alimkuta mkewe Njoki akianua nguo, akatoa noti tatu za mia tano na kumwekea mkononi. Elfu moja mia tano. Hiyo ndiyo iliyokuwa pesa ya chakula cha wiki, na ilikuwa hiyo hiyo tangu kijana wao Mwai akiwa wa kunyonya. Sasa Mwai alikuwa ameng'oka meno mawili ya mbele na alijua kuandika jina lake.

Pesa iliyobaki ilikuwa na njia zake. Kulikuwa na kodi ya nyumba, kulikuwa na karo, na kulikuwa na kiwanja kule Sagana, futi hamsini kwa mia, alichokuwa akikilipia kidogo kidogo kwa mwaka wa nne. Alikuwa amevuka nusu. Kila mwanamume ana ulevi wake, na wa Kinuthia ulikuwa kile kiwanja. Alikitembelea mara moja kwa mwezi, akasimama katikati ya nyasi, akahesabu hatua za sebule, hatua za vyumba, na mahali mkewe angepikia bila moshi kumwingia machoni.

Basi jioni alipokaa mezani, alikula kwa utulivu wa mtu aliyetimiza wajibu wake. Chakula kilikuja. Jumatatu ilikuwa githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja na viazi. Jumanne maharagwe ya nazi, matamu sana, ambayo aliyasifu mpaka kazini akisema mkewe amejifunza mapishi ya pwani bila kufika pwani. Katikati ya wiki ilikuwa ugali na mboga ya sukuma, yai juu yake, na Jumapili, mvua inyeshe jua liwake, ilikuwa nyama. Sahani ilipita kando ya pazia lililotenga jiko na mahali pa kukaa, ikatua mbele yake ikitoa mvuke. Njoki alirudi nyuma ya pazia. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na Kinuthia hakuona neno.

Jumapili moja ya mwezi wa sita, baridi ikiwa imeshika Nyeri na ukungu haujaondoka tangu alfajiri, Peterson, kaka yake Kinuthia, alikuja kuwatembelea. Njoki alikuwa na mimba ya miezi saba. Aliwaandalia wanaume wali na nyama, akawapa watoto, na walipomaliza akaja na jagi na beseni kuwanawisha. Huenda alikuwa amelifikiria jambo hilo wiki nzima. Huenda alidhani kwamba mbele ya mgeni angejibiwa kwa upole.

"Baba Wangechi," alisema akimimina maji, "ile pesa ya Jumamosi, unaweza kuongeza mia tano? Mafuta imepanda. Na pale kliniki wameniambia nikule vizuri."

Kinuthia alicheka. Hakuwa amekasirika, na pengine ingekuwa afadhali angekasirika.

"Peterson, unasikia huyu? Elfu moja mia tano kila wiki, sijawahi kukosa hata moja, na bado haitoshi. Ati mafuta. Hiyo pesa inapanda Giakanja kwa mamake, mimi najua."

Peterson alicheka kidogo kwa heshima ya mwenyeji wake, kisha akaangalia mikono yake iliyolowa. Njoki alimalizia kumimina. Aliwapa taulo, akafuta matone mezani, akabeba beseni na kwenda kulimwaga nje. Wangechi, binti yao wa miaka kumi na miwili, alikuwa amesimama penye pazia na kitambaa cha vyombo mkononi. Alimwangalia baba yake, halafu akamfuata mama.

Njoki hakulirudia jambo lile tena.

Alhamisi, saa nne asubuhi, simu ya Kinuthia ilipigwa na nambari asiyoijua. Mwanamke wa upande wa pili alimuuliza kama yeye ndiye mumewe Njoki, na Kinuthia akajibu kwa tahadhari, maana matapeli wa simu walikuwa wengi. Mwanamke yule akasema anaitwa Chiku, ana hoteli Majengo, na kwamba Njoki ameanguka.

"Ameanguka wapi?" Kinuthia aliuliza. "Njoki yuko nyumbani."

"Hayuko nyumbani, baba. Yuko hapa kwangu, kama siku zote. Sasa vijana wanampakia kwenye gari la jirani, anapelekwa hospitali. Njoo."

Alipitia Majengo kwanza, labda kwa sababu hakuamini. Hoteli ya Chiku ilikuwa chumba kimoja cha mabati, meza nne na jiko la kuni nyuma. Nje ya mlango wa nyuma palikuwa na kiti kifupi, beseni la maji lenye viazi vilivyomenywa, na gunia lililofunguliwa nusu. Kisu kilikuwa bado chini. Kando ya kiti palikuwa na sweta ya kijani ambayo Kinuthia aliifahamu, kwa kuwa alikuwa ameinunua yeye mwenyewe.

Chiku alikuwa mwanamke wa makamo, amejifunga leso juu ya dera, na hakuwa na haraka ya kumhurumia. Alimweleza kwamba Njoki alifika pale siku tatu kwa wiki, watoto wakishaenda shule. Alimenya viazi, akaosha masufuria, na kabla ya saa nane alikuwa ameshaondoka ili amuwahi Mwai. Ilikuwa inaingia mwaka wa pili. Alimlipa mia mbili na hamsini kwa siku, na chakula kilichobaki alimfungia abebe.

"Tangu tumbo lianze kuonekana nilimwambia apumzike," Chiku alisema. "Akaniambia nikimfukuza atatafuta kufua nguo, na kufua ni kuzito zaidi. Nikamwacha. Jumanne nikimfungia yale maharagwe ya nazi nilimwona anatetemeka mikono. Nikamwambia kula kwanza hapa. Akasema ana watu nyumbani wanaoyapenda."

Kinuthia aliichukua ile sweta. Alitoka bila kuaga.

Hospitalini alingoja kwenye benchi hadi daktari alipotoka. Alikuwa daktari wa kike, mdogo kwake kwa miaka mingi, mwenye sauti ya chini. Alimkaribisha kwenye kijichumba chenye meza na kumwambia kwamba damu ya Njoki imepungua sana. Ilitakiwa ifike kumi na moja, na ilikuwa nne. Moyo wake ulikuwa ukifanya kazi kwa shida, na moyo wa mtoto hawakuwa wamefaulu kuusikia.

Alikuwa na kitabu cha kliniki cha Njoki mbele yake. Kinuthia alikuwa amekiona mara nyingi juu ya kabati ya vyombo na hakuwahi kukifungua. Daktari alikifungua na kumwonyesha mahali palipoandikwa mara mbili, kwa kalamu mbili tofauti, kwamba mama apate maini, mayai, mboga za kijani, maharagwe. Kisha akachukua kalamu yake.

"Nataka kujua kidogo kuhusu chakula. Jana jioni alikula nini?"

"Ugali," Kinuthia alijibu upesi, akifurahi kuulizwa kitu anachokijua. "Sukuma. Na mayai."

"Mayai mangapi?"

"Mawili."

"Yeye alikula ngapi?"

Kinuthia aliliona yai la jana. Lilikuwa juu ya ugali, kwenye sahani yake. La pili lilikatwa katikati, nusu ya Wangechi na nusu ya Mwai.

"Ulimwona akila?" daktari aliuliza tena, taratibu.

Aliipekua akili yake. Jana, juzi, wiki iliyopita. Alimwona Njoki akipakua, akibeba, akiondoa vyombo, akifuta meza. Alienda nyuma zaidi, mpaka Krismasi, mpaka harusi ya Peterson, akimtafuta mkewe akiwa na kijiko mdomoni. Daktari hakumgombeza. Aliandika kitu kifupi kwenye faili, akaifunga, na kumwambia kwamba damu ya kundi lake ni chache, basi kama ana ndugu au marafiki wa kujitolea awaite sasa.

Alimpigia Peterson. Alipiga simu yadini pia, ingawa aliona haya, kwa sababu wale watu alikuwa amewasema sana. Walikuja wanne, na vumbi la mbao nguoni, watatu kati yao wakiwa wale wale wa Jumamosi wa pombe ya pipa. Walijipanga kwenye benchi, wakakunja mikono ya shati, na mmoja alipomaliza kutoa damu alimshika Kinuthia begani, akaenda zake kazini.

Saa kumi jioni mtoto alizaliwa, na hakulia. Alikuwa msichana. Muuguzi alimuuliza Kinuthia kama angependa kumwona, na yeye, ambaye hakujua kama anapenda au hapendi, alimfuata. Alimkuta amefungwa kwenye kitambaa cheupe, nywele nyingi nyeusi zimeganda kwenye paji la uso. Kidole kimoja kilikuwa nje ya kitambaa. Kwa desturi, binti wa kwanza alikuwa amepewa jina la mama yake Kinuthia. Huyu wa pili jina lake lilikuwa likimngoja tangu kabla hajatungwa mimba. Angeitwa Nduta, jina la mama yake Njoki, yule wa Giakanja.

Ijumaa Wangechi alitoka shule, akapika. Alipika uji wa jioni kwa ajili ya Mwai na ugali mdogo, akapakua, akamletea baba yake mezani kama alivyoona mama akifanya. Kisha akageuka kurudi nyuma ya pazia.

"Kaa hapa," Kinuthia alimwambia.

Msichana alikaa ukingoni mwa kiti. Kinuthia alimuuliza, bila kumwangalia, mama yake huwa anakula saa ngapi.

"Akimaliza kuosha vyombo."

"Anakula nini?"

"Ile inabaki."

"Na kama hakuna inabaki?"

"Chai." Wangechi alivuta nyuzi za sketi yake ya shule. "Siku zingine anakwangua sufuria, ule ukoko. Anasema ndio tamu."

Kinuthia alimuuliza mbona hakumwambia. Aliuliza kwa sauti kali kuliko alivyokusudia, na mtoto akainamisha kichwa. Alipojibu, alijibu polepole, bila ujeuri, kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi.

"Baba, ni pazia tu."

Jumamosi alilipwa saa sita kama kawaida. Alichukua kikapu kilichotundikwa jikoni na kwenda sokoni mwenyewe. Alikuwa amekata shauri kwenda na elfu moja mia tano, si zaidi. Hata hakujua alitaka kuthibitisha nini. Labda ndani yake palikuwa bado na sauti ndogo iliyosema kwamba inawezekana, kwamba mwanamke mwenye akili angeweza.

Alianza dukani. Unga pakiti mbili, mchele kilo moja, sukari, majani chai, chumvi, sabuni ya kipande. Alipotaja mafuta ya kupikia, mwenye duka alimtajia bei, na Kinuthia akafikiri amesikia vibaya. Akauliza kama kuna ndogo. Mwenye duka akasema Mama Wangechi hununua ya kupimiwa, akanyoosha kidole kwenye mtungi uliokuwa na mpira na bomba. Watu wawili walikuwa wakingoja nyuma yake. Akanunua ya kupimiwa, naye hakuwa na chupa, ikabidi auziwe na chupa.

Alipotoka hapo alikuwa amebaki na chini ya nusu, na kikapu hakina kitu cha kuonekana. Makaa debe moja. Maharagwe kilo moja. Maziwa ya siku moja. Kwa Beth, mama wa mboga aliyeketi kando ya barabara chini ya mwavuli uliochanika, alitaka nyanya, vitunguu, karoti, hoho na sukuma wiki, naye Beth akamwangalia kwa muda kabla ya kumpimia.

"Wewe ni mzee wa Mama Wangechi," alisema. "Nimesikia. Pole sana." Alifunga nyanya, akaongeza moja. "Yeye huwa anakuja jioni nikifunga. Zile zimepondeka namwekea kando, kwa bei ya nusu. Siku zingine namwachia tu bure, tunaongea kidogo, anaenda. Wewe sasa umekuja mchana, mchana ni bei ya mchana."

Hakusema kwa kejeli. Hilo ndilo lililomuumiza Kinuthia. Beth alikuwa akimweleza tu utaratibu, kama anavyoelezwa mtu mpya kazini.

Buchani alifika akiwa na mia moja na sitini, na wiki nzima mbele yake. Mwenye bucha, aliyekuwa akimjua kwa sura, alishika kisu na kuuliza kama ni kawaida. Kinuthia akauliza kawaida ni nini.

"Robo na mfupa," mwenye bucha alisema. "Robo ya mzee, mfupa wa supu wa watoto. Hivyo ndivyo mama husema."

Palikuwa na foleni, na wote walisikia. Pesa aliyokuwa nayo haikutosha hata hiyo robo. Kinuthia alisema atarudi. Alitembea na kikapu hadi nyuma ya kanisa, mahali pasipo na mtu, akakiweka chini, akasimama hapo akishika ukuta. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na moja ambaye amebeba magogo tangu ujanani, na kikapu kile kilikuwa chepesi. Hakuweza kukiinua.

Jumapili alienda hospitalini na chakula alichopika mwenyewe, wali na maini, ambayo aliyanunua kwa pesa ya kiwanja. Njoki alikuwa amelala akitazama dirisha. Damu aliyoongezewa ilikuwa imemrudishia rangi midomoni, lakini macho yalikuwa yamekwenda mbali. Mama yake alikuwa amekaa kando ya kitanda.

Nduta alikuwa ametoka Giakanja alfajiri na kikapu chake. Alikuwa amepika njahi, zile mbegu nyeusi za jamii ya maharagwe zenye mstari mweupe ambazo kwao hupikiwa mwanamke aliyejifungua, akaziponda na ndizi na viazi, akazifunga kwenye bakuli na kitambaa. Mjukuu hakuwapo, lakini mama aliyezaa alikuwapo, naye hakuona sababu ya kumnyima haki yake. Alikuwa akimlisha kwa kijiko, kimoja baada ya kingine.

Kinuthia alisalimia akiwa amesimama mbali, kama inavyompasa mkwe. Chakula chake alikiweka kwenye kabati ndogo. Hakuna aliyekigusa. Njoki alipopitiwa na usingizi, Nduta alitoka koridoni, naye Kinuthia akatoka nyuma yake, na hapo akalisema, kwa sababu alijua asipolisema siku ile hatalisema tena.

"Mama, mimi nilimwambia Njoki anakutumia pesa yangu. Nilisema mbele ya watu."

Nduta alirekebisha kitambaa chake cha kichwa. Hakuonekana kushangaa.

"Alinitumia mara moja," alisema. "Mia mbili, mwaka ule wa korona. Nikarudisha, kwa sababu nilijua hana." Alimpisha muuguzi aliyepita na kigari cha dawa. "Baba Wangechi, ile viazi mnakula, unafikiri inatoka wapi? Kila mwisho wa mwezi mimi nateremsha gunia nusu, na mahindi, na hiyo mayai. Nilikuwa nampatia dereva fulani wa maziwa, anamwachia hapo stendi. Njoki aliniambia nisilete mpaka nyumbani. Ati utaona haya."

Kinuthia aliitazama sakafu ya koridoni, ambayo ilikuwa imepigwa deki na haijakauka.

"Sikusemi," Nduta alisema. "Hujampiga. Hunywi. Watu wa kwetu wakiniuliza mkwe wako ni mtu wa aina gani, nilikuwa nasema ni mtu mzuri. Hata leo sijui nitasema nini."

Njoki aliamka alasiri. Alimwita Kinuthia karibu kwa mkono, na yeye alikaribia haraka mno, akagonga kitanda. Alitaka kujua jambo moja tu. Wakati mtoto anatolewa yeye alikuwa amepoteza fahamu, na walipomuuliza baadaye kama anataka kumwona hakuwa na nguvu ya kujibu.

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Alikuwa namna gani?"

Kinuthia akamweleza. Alimweleza nywele, paji la uso, kidole kilichokuwa nje ya kitambaa. Alisema anafanana na Wangechi siku ile alipozaliwa, isipokuwa kidevu, kidevu kilikuwa cha Giakanja. Njoki alisikiliza macho yakiwa yamefumbwa, na machozi yakaingia masikioni mwake. Kinuthia alipoishiwa na maneno akaanza kuzungumzia ile pesa, kwamba atafanya hivi na hivi, kwamba kiwanja kinaweza kungoja, kwamba angeongeza si mia tano bali hata elfu moja. Njoki alifumbua macho.

"Sikuwa nataka elfu moja," alisema. "Nilikuomba mia tano, ukacheka."

Akageuka upande wa dirisha.

Mtoto alizikwa Jumanne. Hospitali ingeweza kumshughulikia, lakini Njoki alikataa, akisema hamwachi Nduta mdogo mikononi mwa wageni. Kinuthia hakuwa na udongo wa kumlaza. Alikuwa amempigia simu mwenye kiwanja cha Sagana, naye akamjibu kwa adabu kwamba mpaka alipe shilingi ya mwisho, ile bado ni ardhi ya mtu mwingine na haichimbwi. Ndipo mama mkwe alipotoa mahali pembeni mwa shamba lake la Giakanja, kati ya migomba na ua wa jirani. Peterson na Kinuthia walichimba. Halikuwa kaburi kubwa na halikuchukua muda. Mchungaji wa kanisa la pale aliomba kwa ufupi, mvua nyembamba ya milimani ikinyesha, na Mwai akauliza kwa nini sanduku ni dogo, dada yake akamshika mkono.

Baadaye waliingia nyumbani kwa Nduta, kwenye jiko lake la kuni, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na joto. Njoki, aliyeruhusiwa kutoka hospitalini asubuhi hiyo, alikalishwa karibu na moto, blanketi mabegani. Ilikuwa imeshaamuliwa, hakuna aliyemuuliza Kinuthia: angebaki pale. Watoto wangerudi na baba yao kwa sababu ya shule. Kinuthia alipata nafasi ya kumsogelea Njoki wakati Peterson akitafuta viatu vya Mwai, akamuuliza kwa sauti ya chini ni kwa muda gani.

"Sijui," Njoki alisema.

"Lakini utarudi."

"Nimesema sijui, Baba Wangechi. Sijasema sirudi. Nimesema sijui."

Nduta alipakua. Aliwapa watoto, akampa Peterson, akampa Kinuthia. Halafu akajaza sahani ya mwisho mpaka ikawa mlima, njahi na ndizi, na paja la kuku aliyechinjwa asubuhi, akamwekea binti yake mapajani. Njoki aliitazama. Macho yake yakaenda kwa Mwai, aliyekuwa ameshamaliza paja lake na sasa analikodolea la mama, na mkono wake ukaanza kulimega lile paja vipande viwili. Nduta akaushika mkono ule. Aliushika tu, mpaka Njoki akauacha ulegee, kisha akauachilia.

Njoki akala. Mwanzoni alikula polepole, kama mgeni, akiinamia sahani asionekane. Kisha akanyoosha mgongo. Alitafuna, akameza, akavunja mfupa kwa meno na kuunyonya, na hakumwangalia mtu. Kinuthia, sahani yake ikipoa magotini, hakuweza kuondoa macho. Alikuwa ameishi naye miaka kumi na mitatu. Hakujua kwamba mkewe anapokula hufumba jicho moja kidogo, kwamba hutafuna upande wa kushoto, kwamba kati ya tonge na tonge hupumua kwa nguvu kama mtu aliyetoka kupanda kilima.

"Mama," Njoki alisema, akinyoosha sahani tupu, "niongeze."

Nje Peterson alikuwa akiita. Mvua ilikuwa inakaza, na gari la mwisho la kuteremka mjini halingoji mtu. Wangechi alimbusu mama yake, akamfunga Mwai kofia. Kinuthia alisimama mlangoni na mfuko wa viazi ambao Nduta alimpa mbele ya wote, mkono kwa mkono, bila kupitia kwa dereva wala stendi. Alingoja kidogo, akidhani labda angeambiwa neno, la kheri au la shari, chochote cha kubeba hadi Gatitu.

Kisha akawaongoza watoto kwenye njia ya matope. Njoki hakutoka kuwasindikiza. Alikuwa bado anakula.